Nimerudi kwenye pikipiki, Honda XL125S ya zamani, na usukani unanipa wasiwasi. Wazoefu wa Mwanza naomba tuongee

Mwamba wa Nyegezi (mwanzisha uzi)

Mwangaluka wana Mwanza, na wengine wote habari za majukumu.

Mijadala mingi ya pikipiki ni bei ya Boxer mpya, hesabu ya bosi na nani kaibiwa chombo. Ni mijadala ya riziki, naiheshimu. Mimi naomba tuzungumze pikipiki ya zamani inavyoshika barabara, na mtu anayeirudia baada ya miaka mingi ya kuendesha gari tu.

Miaka ya tisini nilikuwa afisa ugani upande wa Sengerema. Chombo cha kazi kilikuwa Honda XL125S, ile ndefu yenye tairi ya mbele ya inchi 21 na ya nyuma ya 18, breki za ngoma mbele na nyuma, shokapu mbili nyuma. Rika langu mtaikumbuka, ilikuwa ya mabwana shamba, watu wa afya na mapadre. Tulipita nayo njia za ng'ombe, katikati ya pamba, hadi kwenye mbuga wakati wa masika, ule udongo mweusi unaojaza madigadi mpaka tairi inagoma kuzunguka. Unashuka, unachokoa tope kwa kijiti, unaendelea.

Sasa nimestaafu na nimepata ya aina ileile kutoka kwa familia moja ya Magu, chuma cha mwanzoni mwa miaka ya themanini kilichokaa stoo muda mrefu. Shamba langu liko ng'ambo, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kupanga foleni ya kivuko. Natoka Nyegezi, Buhongwa, Usagara, nakata kulia kwenda Kigongo, navuka maji, niko Busisi.

Injini sina neno nayo. Inawaka bila kusumbua, haitoi moshi, mlio wake ni uleule. Taa ni za volti 6, mwanga hafifu, kwa hiyo usiku siendi kokote. Shida ni namna inavyokaa barabarani.

Kwenye lami, nikifika mwendo wa 60 na kidogo, mbele inatafuta njia. Haivuti upande mmoja, inakwenda kushoto polepole, nairudisha, inakwenda kulia. Nikiachia mafuta nikikaribia matuta, usukani unatetemeka mikononi kisha unatulia. Kwenye rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo, nasikia mgongano kwenye viganja, "ko". Kwenye kona inagoma kuingia, halafu inaingia yote kwa mkupuo. Na pale darajani upepo ukinipiga ubavuni nabana usukani mpaka mabega yanauma.

Ninachotaka kujua ni hiki: lipi ni la chuma na lipi ni langu? Mwili wa miaka sitini haukamati usukani kama wa miaka thelathini, hilo nalijua. Lakini sitaki kuambiwa "mzee, umri" halafu nikaendelea kupanda chuma kibovu. Wala sitaki kuambiwa niiuze ninunue mpya. Tairi ile ndefu ya mbele inavuka shimo ambalo pikipiki nyingi za leo zinadumbukia, na njia ya kwenda shambani kwangu ni mashimo. Isitoshe, naipenda.

---

Spana 14

Shikamoo mzee wangu. Mimi ni fundi, kijiwe kiko Nyakato, na hizo XL nimezishika. Umeeleza vizuri kuliko wateja wengi wanaosema tu "inayumba fundi". Kwa maelezo yako, kuna mambo mawili au matatu ya chuma hapo, na yote yanapimika nyumbani bila kulipa mtu.

Anza na kichwa cha usukani. Honda ndogo za enzi hizo mle ndani zina gololi za wazi, zinazunguka kati ya vikombe vya juu na vya chini. Muda mwingi wa safari usukani unakuwa umenyooka, kwa hiyo kila shimo linagongesha gololi palepale. Miaka ikipita, kikombe kinachimbika vishimo vidogo.

Weka gogo imara chini ya injini tairi la mbele linyanyuke, mtu akushikie kwa nyuma. Geuza usukani kwa vidole viwili tu, polepole, toka kushoto hadi kulia. Ukihisi unanasa pale katikati ukiwa umenyooka, kikombe kimechimbika. Kisha chuchumaa mbele ya tairi, shika miguu miwili ya shokapu kwa chini, vuta na usukume. Ikicheza na kugonga, nati ya kichwa imelegea.

Hayo ni magonjwa mawili tofauti na watu wanayachanganya. Kichwa kilicholegea ndicho kinachotetemesha usukani ukiachia mafuta, na ile "ko" ya kwenye rasta ni yake. Kilichochimbika ndicho kinachokupeleka kushoto na kulia polepole. Pikipiki ikitembea hujinyoosha yenyewe, usukani unacheza kidogo sana muda wote bila wewe kuona. Ukiwa unanasa katikati, hauwezi kujinyoosha. Inakulazimu wewe uusukume, unatoka kwenye kishimo kwa nguvu, unapitiliza, unarudisha, unapitiliza tena. Hata ile ya kugoma kona halafu kuingia kwa mkupuo inaweza kutoka hapohapo.

Na tafadhali, usikubali fundi akukazie nati tu. Akikaza kwenye vikombe vilivyochimbika, mgongano unaisha na wewe unalipa kwa furaha, lakini kule kunasa kunazidi na pikipiki inakuwa mbaya zaidi barabarani. Hiyo kazi nimeirudia kwa watu wengi waliokaziwa kwingine. Toa gololi zote, badilisha vikombe vyote, paka grisi mpya. Nati inakazwa mpaka usukani hauchezi lakini bado unaanguka wenyewe upande ukiuachia.

Ukimaliza mbele, nenda nyuma. Ule mkono unaobeba gurudumu una bushi kwenye bolti yake kubwa. Chombo kikiwa juu ya gogo, shika mwisho wa mkono, usukume kushoto na kulia. Haupaswi kusikika mchezo wowote. Bushi zikiisha, gurudumu la nyuma linajielekeza linakotaka, na hasa ukibeba mtu utadhani tatizo ni usukani.

Gonga pia spoku moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti butu. Chombo kilichokaa stoo hakikosi zilizolegea.

---

Kijana wa Buzuruga

Heshima kwako mzee. Mimi niko barabarani kila siku, bodaboda, Buzuruga hadi mjini. Fundi hapo juu kamaliza, naongeza tairi.

Umesema chombo kilikaa stoo. Tairi hizo ni za mwaka gani? Angalia ubavuni, mwisho wa yale maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi ni ya kabla ya mwaka 2000, itoe hata kama meno yake ni mapya. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu, haushiki lami, na kwenye lami yenye maji ndiyo kabisa.

Halafu kama umefunga tairi za meno makubwa za vumbi, lazima mbele itafute njia kwenye lami. Meno yanapinda. Kwenye njia ya shamba ziko vizuri, kwenye lami zinasumbua. Wewe safari yako nusu lami nusu vumbi, tafuta za meno ya wastani. Upepo upime tairi zikiwa za baridi, usibonyeze kwa kidole.

Breki nakushauri tumia ya nyuma. Ya mbele inapindua, hasa kwenye mchanga.

---

Dada wa Nansio

Shikamoo kaka Mwamba. Mimi nafanya kazi ya afya ya jamii Ukerewe, pikipiki ndiyo ofisi yangu. Nimejifunza kazini kwa mwalimu hasa, siyo kwa kufundishwa na jirani. Kwa hiyo naomba nimpinge mdogo wangu wa Buzuruga kwenye breki, kwa heshima zote, kwa sababu ushauri huo unaumiza watu.

Ukishika breki, uzito mwingi unahamia mbele. Tairi la nyuma linakuwa jepesi, ukilikanyagia breki peke yake linajifunga na kuteleza, na pikipiki inasimama mbali sana. Tairi la mbele ndilo lililokandamizwa chini, ndilo lenye uwezo wa kukusimamisha. Kinachopindua ni kuikamata breki ya mbele ghafla, au usukani ukiwa umekatwa, au juu ya mchanga. Ukiwa umenyooka kwenye lami kavu, unaibana kwa kuongeza nguvu taratibu, shokapu zishuke kwanza, kisha unabana zaidi, huku ya nyuma ukiikanyaga kiasi. Kwenye mchanga wa huku kwetu na kwenye changarawe, ndiyo, ya mbele naigusa kidogo sana. Lakini mtu aliyezoea ya nyuma tu, siku daladala linapomkatia mbele pale Mkuyuni hana breki.

Sasa kuhusu lipi ni lako, kaka. Nakusoma unasema unabana usukani mpaka mabega yanauma. Hilo peke yake linaweza kuyumbisha pikipiki nzima. Upepo unakusukuma wewe, kifua chako, na mikono yako iliyokakamaa inaupeleka ule msukumo moja kwa moja kwenye usukani. Bana tangi kwa magoti, legeza viwiko mpaka uweze kuvitikisa, shika usukani kama umeshika kifaranga. Pikipiki itasukumwa kidogo pembeni na itarudi yenyewe.

Kona nayo. Ukipita mwendo wa kama 20, pikipiki haigeuki kwa kuzungusha usukani upande unaokwenda. Ukitaka kushoto, unasukuma mkono wa kushoto wa usukani mbele kidogo, inalala kushoto, inakwenda. Wote tunafanya hivyo bila kujua. Mtu aliyetoka kwenye gari anaanza kulazimisha kwa mikono yote miwili, mmoja unasukuma, mwingine unavuta kinyume, na pikipiki haijui imfuate nani. Hiyo tairi yako ya inchi 21 yenyewe ni nzito kugeuka kuliko za bodaboda, inahitaji msukumo ulio wazi na wa utulivu. Tazama kule unakotokea, usitazame tairi. Ukitazama shimo utaingia shimoni.

Tafuta uwanja mpana asubuhi ya Jumapili. Zunguka kwa umbo la namba nane, pana kwanza, kisha nyembamba. Shika breki toka mwendo wa 30, zote mbili, mpaka mkono uzoee kuongeza nguvu badala ya kukamata. Mimi hufanya hivyo kila nikirudi toka likizo, na sioni aibu wakinitazama.

---

Kijana wa Buzuruga

Dada nimekuelewa kwenye lami kavu. Ila mvua ikinyesha, maji yanashusha mchanga kutoka kwenye miamba huko juu, unakuta umetanda barabarani mwisho wa mteremko kwenye kona. Pale siigusi ya mbele hata uniambie nini.

---

Dada wa Nansio

Pale hata mimi siigusi. Nimeshapunguza mwendo kabla sijafika.

---

Mwamba wa Nyegezi

Marahaba wadogo zangu, nashukuru sana. Nimewasoma wote na nimefanya kazi.

Kwanza gogo chini ya injini. Kijana wa jirani ameshika nyuma, nimegeuza usukani kwa vidole kama fundi alivyosema. Unanasa katikati, wala si kwa kubahatisha. Na ukivuta miguu ya shokapu unagonga pia. Kwa hiyo magonjwa yote mawili yalikuwa humo. Tumefungua, vikombe vya chini vina vishimo unavyoweza kuvihesabu, na grisi imegeuka ugumu wa nta. Vikombe vipya vilipatikana mjini kwa kwenda na vya zamani mkononi na kuvipima kimoja kimoja kaunta. Wenye XL msikubali kuuziwa kwa kutazamwa kwa macho.

Bushi za nyuma zilikuwa na mchezo mdogo, nimezibadilisha kwa kuwa tayari tulishafungua. Tairi ya nyuma imeandikwa 1411, meno mazima kabisa, yangemdanganya yeyote. Nimetoa zote mbili.

Tofauti ni kubwa. Kutetemeka nikiachia mafuta kumekwisha. Pale Buhongwa hadi Usagara inakwenda imenyooka, mwendo wa 60, 65, sihitaji zaidi ya hapo. Kona inaingia kwa kipimo ninachoipa. Na uwanjani nimekwenda, Dada, nimezunguka hizo nane. Mguu wa kulia bado unakimbilia breki ya nyuma kabla mkono haujafikiria.

Yaliyobaki ni mawili. Upepo wa darajani umepungua nikilegeza mikono, ila bado unanishtua. Na nikipakia gunia nyuma, mbele inakuwa nyepesi na kona inapanuka, natoka nje ya mstari niliotaka. Bila mzigo haifanyi hivyo.

---

Babu wa Kisesa

Ndugu yangu Mwamba, mimi nimebeba dagaa na samaki kutoka mialoni kwa pikipiki miaka mingi kabla magoti hayajakataa. Ni namna gunia linavyokaa. Watu wanalifunga kwenye keria, nyuma ya ekseli ya gurudumu. Pale linafanya mzani, linainua mbele. Lisogeze mbele kadiri inavyowezekana, likuguse mgongoni. Kama ni vitu vidogo vidogo, gawa mifuko miwili ining'inie pande mbili chini, uzito sawa. Mzigo wa juu unakuangusha ukisimama, mzigo wa nyuma unakunyima usukani ukitembea. Na ufunge kwa mpira wa tairi ya ndani, kamba ya katani inalegea.

Upepo nao una saa zake. Asubuhi mapema ziwa limetulia. Kuanzia mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na pale ghuba imekaa kaskazini kwa kusini, kwa hiyo unaifuata ghuba na kukukuta ubavuni darajani. Ukienda Busisi mara nyingi utakutoka kulia. Vuka asubuhi. Ukirudi jioni, kaa katikati ya upande wako, usikumbatie ukingo, na lori likikupita jiandae, kwa sababu linakukinga sekunde chache halafu upepo unarudi wote mara moja. Hapo ndipo watu wanaposhtuka.

---

Spana 14

Babu amesema kweli kuhusu mzigo. Naongeza la chuma. Zile shokapu mbili za nyuma zina pete chini ya springi yenye ngazi. Ukipakia, izungushe ipande ngazi, pande zote mbili sawa. Nyuma ikizama, miguu ya mbele inalala zaidi na chombo kinataka kukimbia mstari mmoja, ndiyo maana kona inapanuka. Ukipanda ngazi na bado inazama, springi zimechoka.

Ukiwa hapohapo, mwaga mafuta ya shokapu za mbele. Chombo kilichokaa stoo, mafuta hayo ni tope. Weka mapya, kipimo kilekile kulia na kushoto. Upande mmoja ukizidi, miguu haifanyi kazi pamoja na utaanza kutuuliza tena kwa nini inayumba.

---

Mwamba wa Nyegezi

Nimelipata la mzigo na la upepo, Babu, asante sana. Fundi, swali moja tu la breki. Ya mbele naibana mpaka karibu na usukani ndipo inashika. Waya ni mpya. Nikaze tena kule chini?

---

Spana 14

Usikaze kwanza. Angalia kile kimkono kinachovutwa na waya pale kwenye ngoma. Kuna mshale mdogo na alama kwenye ngoma yenyewe. Shika breki kwa nguvu, mtu atazame. Mshale ukifika kwenye alama, viatu vya breki vimekwisha, kukaza waya ni kujidanganya. Kama haujafika, tazama pembe kati ya kimkono na waya ukiwa umebana. Ikizidi pembe mraba, nguvu ya mkono wako inapotea bure. Wengine wanakitoa kimkono na kukirudisha meno kadhaa nyuma ili pembe ikae vizuri, lakini ukifanya hivyo juu ya viatu vilivyokwisha, ule mshale hauna maana tena na siku moja kamu ndani, kile chuma kinachotanua viatu, inapinduka na breki inajifunga. Fungua ngoma kwanza, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, usilipulize kwa mdomo, halafu upime unene wa viatu.

---

Mwamba wa Nyegezi

Mshale umefika kwenye alama, umepita kidogo. Viatu vimekwisha. Jumamosi naileta Nyakato, nitakuja taratibu kwa kupita Igoma badala ya katikati ya mji. Pete za nyuma tutazitazama hapohapo, na hayo mafuta ya shokapu.

---

Dada wa Nansio

Kaka, breki ya mbele ikiwa hivyo usije nayo ukiiendesha. Ipakie kwenye kirikuu.

---

Spana 14

Nakubaliana na dada. Au nisubiri, mimi nakuja Nyegezi Ijumaa jioni kwa kazi nyingine, nitabeba viatu vya XL na vya Honda CG tupimanishe hapohapo kwako.

---

Mwamba wa Nyegezi

Ijumaa jioni nipo. Chombo hakitoki hadi ufike.